Ukurasa wa Nyumbani: Mdudu Mwenye Njaa Hashibishi

Mvua za Novemba zinaponyesha nchini Uganda, senene huzizunguka taa, na watoto hutoka nje na ndoo kuwaokota. Majuma machache baadaye senene huwa wamekwisha. Kwa binadamu hilo si tatizo kubwa, maana anacho chakula kingine. Lakini mnyama aliyefungiwa katika sanduku la kioo, ambaye maisha yake yote hula wadudu walio hai, hawezi kungojea msimu.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, familia nyingi hufuga mijusi na vinyonga nyumbani kama wengine wafugavyo paka. Baadhi ya wanyama hao asili yao ni Afrika Mashariki. Kinyonga wa pembe tatu, mwenyeji wa milima ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, alipelekwa Hawaii mwaka 1972 kwa biashara; walioachiwa bustanini wakazaana, na uzao wao ungaliko huko. Nchini Uganda, yafaa ieleweke kwamba kumtwaa mnyama wa porini na kumfuga kunahitaji kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019.

Wafugaji hao hutegemea zaidi nyenje wa nyumbani. Nyenje hukaa katika sanduku la plastiki lenye kuta laini wasizoweza kupanda, na mfuniko wenye dirisha la wavu wa chuma. Ndani husimamishwa trei za mayai ili wapate pa kujificha. Maji hutiwa katika pamba iliyoloweshwa, kwa kuwa nyenje huzama hata katika kisahani. Joto la nyuzi 30 hivi huwafaa sana.

Majike hutaga katika kibakuli cha mchanga wenye unyevu. Baada ya siku chache kibakuli huhamishiwa sanduku la pili, kwani nyenje wakubwa hula mayai na hata watoto wao. Penye joto la kutosha mayai huanguliwa kwa muda wa majuma mawili hivi, na watoto hukomaa baada ya miezi miwili takriban. Sanduku la wazazi lisichotwe ovyo kila mnyama anapoona njaa. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Wapo pia mabuu wa mbawakawa wa unga, ambao huishi katika pumba za ngano. Hao wakiwekwa mahali pa baridi kidogo hukawia kukua, na hivyo huweza kuhifadhiwa kwa majuma mengi. Nyenje hawawezi kuhifadhiwa hivyo, kwa maana baridi huwaua.

Hata hivyo, wingi wa wadudu si shibe. Mwili wa nyenje una kalisi kidogo sana na fosforasi nyingi. Mjusi anayelishwa nyenje watupu, tena bila mwanga wa jua au taa maalumu, huanza kuichota kalisi katika mifupa yake mwenyewe. Taya hulegea, miguu hupinda kama ya mtoto mwenye matege, na hatimaye mnyama hufa hali tumbo lake limejaa. Dawa ni kumlisha mdudu kwanza. Siku moja au mbili kabla ya kutolewa, nyenje hupewa majani mabichi na chakula chenye kalisi, kisha hunyunyiziwa unga wa kalisi wakati wa kuliwa. Wanaosalia waondolewe kabla ya usiku, kwani nyenje mwenye njaa humtafuna mjusi aliyelala.

Hatari nyingine ni kuweka tegemeo lote mahali pamoja. Katika miaka ya 2009 na 2010, virusi vya nyenje vilienea katika mashamba ya Amerika ya Kaskazini na kuangamiza makundi mazima. Virusi hivyo havimdhuru mjusi wala binadamu, lakini viliwaacha wafugaji bila chakula cha kuwapa wanyama wao. Tangu hapo wengi hufuga jamii nyingine za nyenje pia, na hutenga masanduku mbalimbali yasiyochangia vyombo.

Mafunzo haya yawafaa pia akina mama wafugao kuku kambini. Vifaranga hupenda nyenje, na sanduku hilo moja huweza kuwapatia kitoweo cha nyongeza. Kuku anayetaga naye huhitaji kalisi. Akiikosa, mayai yake huwa na maganda mepesi, na mifupa yake hudhoofika kama ya mjusi. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kugusa wanyama hao, hasa mikono ya watoto.

Basi kila afugaye, kabla ya kuuliza mnyama wake amekula wadudu wangapi, na aulize wadudu hao wamekula nini.