Sulhu ya Waliokunywa Sumu



Neno sulhu tumelizoea majumbani: baina ya mume na mke, baina ya ndugu waliogombania kiwanja cha mirathi. Juma hili nataka tuitazame sulhu ya namna nyingine, baina ya kiwanda na watu waliokunywa maji yenye sumu, katika bonde la mto Ohio nchini Marekani.

Karibu na mji wa Parkersburg, mfugaji mmoja aliona ng'ombe wake wakikonda na kufa. Walikuwa wakinywa maji ya kijito kilichopita kwenye jaa la kampuni ya DuPont. Akamwendea wakili, Robert Bilott. Katika nyaraka ambazo mahakama iliilazimisha kampuni kuzitoa, wakili alikuta habari za kemikali iitwayo C8, iliyotumika kutengenezea Teflon, ule utando wa vikaango visivyoshika chakula. Kampuni ilikuwa imeigundua katika maji ya mifereji ya majirani zake tangu mwaka 1984, wala haikuwaambia.

Mfugaji alipatana na kampuni mwaka 2001. Aghalabu mambo huishia hapo: fedha hulipwa, faili hufungwa, na jirani huendelea kukinga maji yale yale. Bilott hakuifunga yake. Aliiandikia serikali, na mwaka uo huo ikafunguliwa kesi ya pamoja kwa niaba ya wakazi.

Ugumu ulikuwa mmoja. Utathibitishaje kwamba saratani ya huyu imetokana na maji yale? Mzigo wa kuthibitisha humwelemea mgonjwa, na mwenye maabara ni kiwanda. Ugumu wa njia hiyo tunaujua hapa Mombasa: wakazi wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na madini ya risasi, walishinda mwaka 2020, wakanyang'anywa ushindi katika rufani mwaka 2023, hata Mahakama ya Juu ikawarejeshea tuzo ya shilingi bilioni 1.3 mwezi wa Desemba 2024.

Sulhu ya Ohio, ya mwaka 2004, ilifanya jambo la ajabu. Wataalamu watatu wa maradhi, waliokubaliwa na pande zote mbili, walipewa kazi ya kuchunguza. Kila mkazi aliyejaza hojaji na kutoa damu alilipwa dola 400. Wakajitokeza watu wapatao 69,000. Nakiri nilipoyasoma haya mara ya kwanza niliona wamepunjwa. Lakini damu ile ndiyo iliyokuwa shahidi wao. Kufikia mwaka 2012 wataalamu waliihusisha C8 na maradhi sita: saratani ya figo, saratani ya korodani, maradhi ya tezi ya shingo, kolesteroli kupanda, vidonda vya utumbo mpana, na shinikizo la damu la uja uzito. Kwa masharti ya sulhu, kampuni haikuweza tena kubisha kwamba C8 huweza kuyaleta. Mwaka 2017, kesi zipatazo 3,550 zilimalizwa kwa dola milioni 671, bila kampuni kukiri kosa.

Yule mfugaji alikuwa amefariki mwaka 2009. Na masharti yalikata kuwili: aliyekunywa maji yale yale miaka ile ile, akapatwa na ugonjwa usiokuwa miongoni mwa sita, alikuwa amekwisha kuipoteza haki ya kudai.