Kabla ya kulaumu chakula, pima maji!

Nimepotea kidogo, mitihani ilinibana. Leo nina jambo linanikereketa.

Mjomba wangu anafuga trauti huko pembeni mwa Aberdare. Juzi kanipigia simu: samaki wamedumaa, kwa hiyo anataka kukopa hela anunue chakula cha bei kali. Nikamwambia, "Mjomba, shikamoo, tafadhali usikope kwanza. Maji umeyapima?" Kimya.

Jamani, hapo ndipo tunapokosea wengi. Trauti si tilapia. Tilapia anafurahia maji ya nyuzi joto 28 hivi. Trauti hukua vizuri kwenye nyuzi 13 hadi 17. Zikipita 20 anaanza kususa chakula, zikikaribia 25 anakufa. Ndiyo maana trauti wa kwanza walioletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905 waliwekwa Mto Gura, kwenye baridi ya Aberdare.

Tena maji yakipata joto oksijeni hupungua. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Ya nyuzi 20 hubeba 9 tu. Huko milimani ni pungufu zaidi. Na wakati huohuo samaki aliyepata joto anahitaji oksijeni nyingi zaidi! Sasa ukimmwagia chakula asichokila, kinaoza na kumalizia hata ile kidogo iliyobaki. Yaani unakopa hela ili umnyonge samaki wako.

Mjomba akaazima kipimajoto. Asubuhi nyuzi 14, saa tisa alasiri 21. Kumbe miti iliyofunika mfereji wake ilikatwa mwaka jana, jua linapiga maji njia nzima hadi bwawani.

Najua kuna atakayesema chakula nacho muhimu. Sikatai, trauti anataka protini ya kutosha. Lakini maji kwanza. Mjomba sasa analisha asubuhi tu, ameongeza maji yanayoingia, na amepanga mawe yaporomokee hapo yapate hewa. Miche nayo ameshapanda kando ya mfereji. Mkopo umesubiri.

Kwangu mimi, anayekata mti kando ya mto anamnyima samaki chakula bila kugusa gunia. Wewe waonaje? Haya, naenda kupanga foleni ya ugali kabla haujaisha. Tuonane wiki ijayo.