Mtuambie Kanda: Juu ya Jazi Inayouzwa Upya

Neno lililochakaa kuliko yote katika mabaraza ya wapenzi wa jazi ni "joto". Santuri hii ina joto, sidii ile ni baridi. Toleo la Wajapani lina hewa, la Wamarekani limefumba. Joto la nini, na limepimwaje, hakuna aulizaye. Istilahi hizi tumeziazima kwa Waingereza na Wamarekani bila ya kuzitia kwenye mizani. Na sasa wasomi wetu wa London, Muscat na Minneapolis, watu wasiokubali hata siku moja kusoma utenzi uliochapishwa bila ya kuelezwa umetoka katika mswada upi, hununua toleo la tano la albamu ile ile na kulinganisha "ubora wa sauti" kana kwamba wanaonja halua.

Kwa jazi nakusudia muziki wa Wamarekani Weusi, si bendi zetu za dansi zilizojipachika jina hilo, kama Morogoro Jazz na Western Jazz, ingawa ya kwetu nitayagusa kabla sijaweka kalamu chini. Dai langu ni hili: albamu iliyorekebishwa sauti na kutolewa upya ni toleo la matini, na fundi aliyeirekebisha ni mhariri. Mhariri huulizwa kwanza chanzo chake, kisha alichokibadilisha, na mwisho kabisa kama kazi yake inapendeza. Sisi tumeanza na la mwisho na hapo hapo tumetia nanga.

Chukua albamu inayosemwa kuliko zote, Kind of Blue ya Miles Davis. Ilirekodiwa New York katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30, jengo lililokuwa kanisa, kwa vikao viwili vya mwaka 1959: tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili. Katika kikao cha kwanza, mashine iliyonasa kanda mama ilikuwa ikizunguka polepole kuliko ilivyopasa. Kanda ile ilipochezwa kwenye mashine yenye kasi sahihi, muziki ulikwenda mbio kidogo na kidatu kikapanda, si kwa nusu toni kamili, lakini kwa kiasi cha kumsumbua mpiga piano anayetaka kufuatana nao. Basi upande mzima wa kwanza wa santuri, yaani "So What", "Freddie Freeloader" na "Blue in Green", ulitoka hivyo mwaka 1959 na ukaendelea kutoka hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kosa lilisahihishwa katika toleo la mwaka 1992, pale mafundi walipoiendea kanda ya akiba iliyokuwa ikinasa kikao kile kile kwenye mashine ya pili, yenye kasi sawa.

Sasa tazama soko. Santuri inayogombewa na wakusanyaji, inayolipiwa fedha ambazo mimi ningenunulia kitanda, ni chapa ya kwanza ya 1959. Yaani ile yenye kidatu cha makosa. Baadhi ya chapa hizo za mwanzo hata majina ya nyimbo mbili za upande wa pili, "All Blues" na "Flamenco Sketches", yamepishana. Mtu akikaa mbele yangu akasifu "ukweli" wa chapa hiyo, akasema tarumbeta ya Miles imesimama sebuleni kwake, namuuliza: imesimama kwenye kidatu kipi?

Hata hivyo sitaki ushindi wa bei rahisi. Yuko atakayejibu kwamba chapa ile yenye makosa ndiyo iliyosikilizwa na dunia. Ndiyo iliyowafunza wanamuziki wa kizazi kizima, waliorekebisha nyuzi zao ili walingane nayo. Nayo kwa hivyo ni hati ya historia, haina haja ya kutubu. Jibu hilo lina uzito, na msomaji wa mashairi yetu ya kale analijua vizuri. Miswada ya Al-Inkishafi hutofautiana kwa idadi na mpangilio wa beti. Matini aliyoitoa Taylor, iliyochapishwa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha Stigand, na ile aliyoihariri Hichens mwaka 1939, kila moja imekuwa na wasomaji wake, na wasomaji hao hawakusoma hewa. Je, tumtafute Sayyid Abdalla mwenyewe nyuma ya wanakili, au tusome kile ambacho watu walikisoma? Wahakiki wamegombana juu ya hilo na wataendelea. Lakini hakuna aliyejaribu kulimaliza shauri kwa kusema kwamba mswada huu una joto. Na ili ugomvi wenyewe uwezekane, lazima kila toleo liseme limetoka wapi.

Wapo wanaodhani njia ya mkato ni kumpa kazi yule yule aliyerekodi. Rudy Van Gelder, aliyekuwa mpimaji wa macho kwa kazi yake ya mchana, alianza kurekodi sebuleni kwa wazazi wake Hackensack, New Jersey, na mwaka 1959 akahamia studio yake ya Englewood Cliffs. Sehemu kubwa ya jazi tunayoiabudu ya miaka ile ilipitia mikononi mwake. Kuanzia mwaka 1999 kampuni ya Blue Note ilimpa kanda zake mwenyewe azirekebishe upya kwa ajili ya sidii, na mfululizo ukapewa jina lake. Hoja ingekwisha hapo, maana nani amjuaye mtoto kuliko mzazi? Haikwisha. Wengi walilalamika kwamba sidii hizo ni kali na zimebanwa, na kwamba upana wa stirio umepunguzwa.

Mimi naona lawama hizo zina haki nusu. Watu husahau kwamba Van Gelder alipokuwa akichonga santuri zake za zamani mwenyewe, nazo hakuzichonga kama kanda ilivyo. Alibana, alipunguza besi hapa, akaongeza mng'ao pale, kwa kuwa alijua santuri itachezwa kwenye gramafoni za watu wa kawaida ambazo sindano yake ingeruka. Zaidi ya hayo, huko Hackensack, hata stirio ilipoanza kunaswa, waliokuwa chumbani waliendelea kuihukumu sauti kwa spika moja. Kwa hiyo yule anayetaka "kanda tupu, bila ya mkono wa mtu" anataka kitu ambacho Van Gelder hakukikusudia kimfikie msikilizaji yeyote. Na yule anayetaka chapa ya kwanza anataka uamuzi uliofanywa kwa hofu ya sindano mbovu za mwaka 1957. Yote mawili ni matakwa halali. Yasiyo halali ni kuyaita yote "sauti ya asili".

Tuje kwenye sikio lenyewe, maana ndilo linalopewa joho la hakimu. Mtu akisikilizishwa muziki ule ule mara mbili, mara moja ukiwa umezidi kwa desibeli moja tu, aghalabu hasemi kwamba huu ni mkubwa zaidi. Husema huu ni wazi zaidi, una uhai, besi imejaa. Watoaji wa sidii waliligundua hilo zamani, na kuanzia miaka ya 1990 wakashindana kupandisha sauti mpaka umbali baina ya mnong'ono wa brashi na kishindo cha matoazi ukafupishwa vibaya. Jazi, ambayo robo ya maana yake imo katika umbali huo, haikuachwa. Kwa hiyo mlinganisho wowote ambao haukusawazisha kwanza ukubwa wa sauti hauna thamani. Nausema hivyo hivyo, bila ya kuutia sukari. Mapitio mengi ninayoyasoma hayasemi neno juu ya jambo hili.

Na ikiwa kuna ambaye bado anaamini masikio yaliyozoea hayadanganyiki, na akumbuke mwaka 2022. Kampuni ya Mobile Fidelity ya California ilikuwa imejijengea jina kwa kutoa santuri za bei ya juu, zikitangazwa kuwa zimetokana na kanda mama za asili. Wanunuzi waliamini kwamba kutoka kanda hadi mfereji wa santuri hakukuwa na hatua ya dijitali. Majira ya kiangazi mwaka ule ikafichuka, na mafundi wa kampuni wakakiri, kwamba kwa muda wa miaka mingi santuri zao nyingi zilipitia faili la dijitali kwanza. Kelele zilikuwa kubwa na kesi zikafunguliwa. Lakini kwangu mimi fedheha ya kampuni ni jambo dogo kuliko fedheha ya wasikilizaji. Santuri zile zile zilikuwa zimesifiwa mwaka baada ya mwaka, na watu wenye vyombo vya thamani ya gari, kama ushahidi kwamba dijitali haiwezi kamwe kuifikia analogi. Sikio halikugundua chochote mpaka midomo iliposema. Wala sisemi hatua ya dijitali iliziharibu santuri hizo. Huenda ndizo matoleo mazuri kuliko yote. Nasema walioapa kwamba wanasikia walikuwa wakisoma jalada.

Ukitaka kuona uhariri mwema na mbaya ukiwa uchi, rudi kwenye santuri za kasi ya 78, ambako kanda haikuwapo kabisa na chanzo ni sahani yenyewe na mikwaruzo yake. Rekodi za Hot Five na Hot Seven za Louis Armstrong, za kuanzia 1925 hadi 1928, zimepita kwa mafundi wengi. Katika miaka ya 1980 Robert Parker, fundi wa Australia, aliwauzia watu jazi ya zamani akiwa ameitia stirio ya kubuni na mwangwi wa ukumbi ambao Armstrong hakuwahi kuingia. Ilipendeza! Wageni wa jazi waliipenda, na kwa kipimo cha joto ilishinda. Mwingereza John R. T. Davies alikwenda njia nyingine: alitafuta sahani iliyo nzima kuliko zote, akachagua sindano inayoingia katika mfereji wake, na penye mkwaruzo alikwangua kwa mkono unga wa kanda aliyonakilia, kijisehemu kwa kijisehemu, ili mkwaruzo utoke na tarumbeta ibaki. Mvumo wa sahani aliuacha mahali ambapo kuuondoa kungeondoa na pumzi ya mpigaji. Kazi ya Davies inamtaka msikilizaji avumilie. Ya Parker inambembeleza. Nani kati yao ni mhariri, nadhani msomaji hahitaji mshenga.

Jambo hili lina haraka, kwa sababu vyanzo vinakufa. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliunguza ghala la Universal huko Hollywood, na mwaka 2019 gazeti la New York Times likaeleza kwamba kanda mama nyingi ziliteketea humo, zikiwamo za lebo ya Impulse, nyumba ya John Coltrane. Kampuni imebisha juu ya ukubwa wa hasara. Hata kabla ya habari hizo kutoka, A Love Supreme, iliyorekodiwa Englewood Cliffs mwezi Disemba 1964, ilikuwa imekwisha kuonyesha hatari: toleo la mwaka 2002 lilitegemea nakala iliyopelekwa Uingereza kwa EMI zamani, kwa kuwa zilizokuwa zikitumika Marekani zilikuwa tayari zimebanwa kwa ajili ya kuchonga santuri. Nakala ya ng'ambo ikawa mswada bora uliopo. Kanda mama ikishaungua, kila uamuzi wa fundi wa jana huwa ndio matini yenyewe, na asiyeuandika uamuzi wake ameufuta ushahidi.

Sisi tuna yetu katika haya. Siti binti Saad alipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, na sauti yake hutufikia kupitia sahani za kasi ya 78 zilizochezwa sana, katika zama ambazo "78" ilikuwa jina zaidi ya kipimo. Sahani ikizungushwa kwa kasi kupita ile iliyonasiwa, mwimbaji hupanda kidatu na huimba kwa pupa. Ikipungua, huwa mzee. Kila anayenunua taarabu ya zamani iliyotolewa upya na apindue jalada. Akute limeandikwa: sahani ipi, ya nani, yenye hali gani; kasi iliyotumika na sababu ya kuichagua; kilichoondolewa na kilichoongezwa. Asipoyakuta, na amwandikie mtoaji, kwa adabu na kwa jina lake kamili, na asiandike mapitio hadi ajibiwe.