Mikono Ikifa Ganzi, Tazama Usukani
Vijana wanaoendesha baiskeli za mbio, zile za usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, hulalamika kwamba vidole vinakufa ganzi. Wengi hulaumu barabara. Aghalabu kosa ni la usukani. Ukiwa chini mno au mbali mno, uzito wa mwili huangukia viganja na kubana mshipa wa fahamu unaoelekea kidole cha pete na cha mwisho. Mkono wenye ganzi utakamataje breki matatu ikisimama ghafla?

Kwa baiskeli ya kizamani, dawa ni rahisi. Legeza kidogo bolti iliyo juu ya shingo ya usukani, uigonge taratibu kwa kipande cha mti, kisha inua usukani ukaribie kimo cha kiti. Alama iliyochongwa shingoni isionekane kamwe. Ikionekana, usukani waweza kung'oka njiani. Nyosha, kaza, na uhakikishe waya za breki hazivutwi. Bana gurudumu la mbele kwa magoti, ujaribu kuuzungusha usukani. Ukicheza, kaza tena.

Mzazi, yakague hayo leo, kabla mwanao hajaingia barabarani kesho.