Akiba Haiozi: Tudai Diski Zetu Siku ya Kwanza

Askari anapokabidhiwa bunduki hapokei chuma kitupu. Hupokea pamoja nayo mafuta, kitambaa na ufito wa kusafishia, na daftari la bohari huthibitisha hivyo kwa saini yake. Kikikosekana kimoja husema papo hapo, kwa kuwa anajua kwamba akishatia saini lawama zote ni zake. Nidhamu hii tunaifahamu sote, sisi wa jeshi na ndugu zetu wa polisi. La kushangaza ni kwamba tunapokabidhiwa kompyuta mpakato, nidhamu hiyo tunaiacha mlangoni.

Tunasema hivi kwa sababu yametukuta. Katika ofisi yetu hapa Rusizi iliharibika diski kuu ya kompyuta tuliyoitegemea kwa barua, orodha za likizo na picha za shughuli za kikosi. Fundi alitia diski mpya kwa nusu saa tu. Lakini diski mpya ni tupu kama daftari lisiloandikwa. Yahitaji mfumo endeshi, na mfumo huo hurejeshwa kwa diski maalumu za kampuni iliyoitengeneza mashine. Tulipolifungua boksi lake tulikuta waya wa umeme na kijitabu. Diski hazikuwamo, wala hazikupata kuwamo.

Yafaa wasomaji waijue asili ya jambo hili. Katika miaka ya 1990 kompyuta nyingi ziliuzwa pamoja na diski zake. Baadaye watengenezaji wengi waliacha kuzitoa, wakaweka nakala ya mfumo katika sehemu iliyofichwa ndani ya diski kuu ileile, na kumwachia mnunuzi kazi ya kujitengenezea diski za akiba. Mashine inapowashwa mara za kwanza humkumbusha. Naye, kwa haraka zake, huahirisha. Ni sawa na kuufungia ufunguo wa akiba ndani ya sanduku lilelile. Diski kuu ikifa, dawa yake hufa nayo.

Basi tukaiandikia huduma kwa wateja ya mtengenezaji. Tuliulizwa namba ya mashine, tarehe ya ununuzi na stakabadhi; tukavipeleka. Tukatakiwa tuchague nchi yetu, na katika orodha tuliyowekewa Rwanda haikuwamo. Tukaambiwa tulipe kwa kadi ya benki na tuandike jina la mtaa na namba ya nyumba, hali anwani yetu huku ni sanduku la posta. Mwishowe tukaandikiwa, kwa adabu nyingi, kwamba diski za mashine ya umri huo hazitolewi tena. Wiki sita zilikuwa zimekwisha kupita.

Hatusemi kwamba mtengenezaji hana haki ya kutoza gharama za diski na za posta. Tunasema kwamba aliyelipa bei ya mashine amelipa pia bei ya mfumo uliomo, na kumnyima njia ya kuurejesha ni kumwuzia mvuvi wa Kivu mtumbwi bila kasia.

Tena kuna hatari nyingine. Katika wiki hizo sita, zaidi ya mmoja wetu alishauri tununue diski ya magendo barabarani, kwa bei ya chupa mbili za soda. Ushauri huo tuliukataa, na tunawaomba wenzetu waukatae. Diski ya namna hiyo haijulikani itokako. Yaweza kuficha programu za kijasusi, na mara nyingi mfumo wa wizi hufungwa usipokee marekebisho ya usalama. Mwezi Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150 na kukwamisha hospitali za Uingereza, ingawa kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuliziba tundu hilo tangu Machi mwaka huohuo. Kompyuta ya kituo cha polisi ina majina ya walalamikaji na mashahidi. Ya jeshi ina orodha za zamu. Askari asiyemruhusu mgeni asiyejulikana kupita langoni, atamruhusuje kuingia kwa njia ya diski?

Tuliokolewa na koplo mmoja wa kikosi jirani. Yeye alikabidhiwa mashine ya aina ileile yenye mfumo uleule, na siku ya kwanza alikaa saa mbili akatengeneza diski zake, akaziandika tarehe, akazitia katika bahasha na kuzikabidhi bohari. Wenzake walimcheka. Kwa bahasha hiyo mashine yetu ilifufuka mchana mmoja. Lakini picha za umuganda wa miaka mitatu hazikurudi, kwa kuwa diski hizo hurejesha mfumo, si kazi za mtu. Katika picha hizo alikuwamo mwenzetu mmoja aliyekwisha kufariki, na mjane wake alikuja kutuomba picha yake. Tulimjibu kwa aibu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mtunza bohari asitie saini ya kupokea kompyuta kabla ya kutengenezwa diski au flashi ya kuirejeshea, nayo iandikwe daftarini kama kifaa kingine chochote. Pili, wanaonunua kwa niaba ya vikosi wazidai diski hizo katika mkataba, na madai yote kwa mtengenezaji yapelekwe mashine ingali changa, stakabadhi zikiwa mkononi. Tatu, wenzetu wafahamu kwamba tangu kutoka kwa Windows 8 mwaka 2012, mashine nyingi zinazouzwa na mfumo wa Windows hubeba namba ya leseni ndani ya ubao wake mkuu. Windows 11 halali yaweza kupakuliwa kutoka kwa Microsoft yenyewe bila malipo, ikawekwa katika mashine inayostahili. Hakuna sababu ya kununua cha barabarani. Nne, kazi za ofisi zinakiliwe kila Ijumaa katika diski ya nje ifungiwayo kabatini, kwani hata diski za mtengenezaji kwa kawaida hufuta kila kilichomo zinapoirudisha mashine katika hali yake ya upya.

Ndugu askari, siku ya kukabidhiwa ndiyo siku ya kudai. Baada ya hapo ni kubembeleza. Koplo yule hachekwi tena, na bahasha yake imerudi bohari mahali pake. Akiba haiozi.