"Bei njoo inboksi" inatufukuzia wateja

Leo naomba tugombane kidogo. Hii tabia yetu ya kupiga picha bidhaa, kuipost, halafu chini tunaandika "bei njoo inboksi", mimi naona siyo mbinu ya masoko. Ni woga. Na nasema nikijua, maana nimeifanya karibu mwaka mzima na nusura inifungishe duka.

Nina duka la viatu na mabegi Kihonda, Morogoro. Shule nimeishia kidato cha nne, biashara sijasomea popote, nimejifunzia hapo hapo kaunta na kwenye simu. Mzigo nafuata Kariakoo. Desemba ya mwaka juzi nilikopa 800,000 kwenye kikoba, nikaongeza na akiba yangu, nikashusha viatu vyeusi vya shule pea 90 na mabegi. Kila muuza viatu anajua msimu ni wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa Januari na wiki moja baada ya hapo. Zikipita hizo, unakaa na viatu vyeusi vinakuangalia mpaka Julai.

Nikapiga picha kali, nikaweka stetasi WhatsApp, nikaweka Instagram, posti moja nikaisponsa kwa 30,000. Chini nikaandika "Bei njoo inboksi, karibuni sana wapendwa." Simu ikawaka moto! Nikajua tayari nimetoboa. Kipindi hicho nilikuwa nasikiliza sana wahamasishaji, naamka saa 11 alfajiri najitamkia mbele ya kioo kwamba mimi ni tajiri. Sisemi ni vibaya, angalau nilikuwa nawahi kufungua.

Sasa angalia ilivyokuwa. Mtu anaandika, "Mambo dada, namba 36 bei gani?" Mimi nahudumia watu, au niko kwenye basi narudi na mzigo. Naiona baada ya saa mbili. Najibu, "Poa mpendwa, 25,000, uko wapi nikuletee?" Tiki za bluu. Kimya. Au ananijibu, "Asante, nimeshapata."

Kuna mama mmoja wa Mazimbu sitamsahau. Aliniandikia saa 3 usiku akiulizia pea tatu na mabegi mawili. Nilikuwa nimeshalala. Asubuhi namjibu kwa mbwembwe zote, akaniambia, "Mwanangu, nimeshanunua mjini. Nilitaka tu kujua kama hela yangu inatosha kabla sijapanda bajaji."

Sikieni vizuri hapo. Yule mama hakutaka kupunguziwa wala hakutaka kuitwa mpendwa. Alikuwa na hela mkononi na watoto watatu, anapiga hesabu kitandani kwake usiku. Mimi nikamnyima namba moja tu ambayo angepigia hesabu.

Shule zikafunguliwa, marejesho ya kikoba yakafika, hela sina. Nikakaa chini nikahesabu meseji moja moja. Walioniuliza bei walikuwa 112. Katika hao walionunua 9. Dukani zimebaki pea 47. Mama yangu ndiye alinidhamini kikobani, ikabidi alipe yeye kwa hela ya mahindi yake. Hakunigombeza hata kidogo. Bora angenigombeza.

Najua mtaniambia, "Ukiweka bei washindani wanakuona." Jamani, mshindani wako bei yako anaijua tangu juzi. Anamtuma mdogo wake aulize inboksi, dakika mbili tu, na wewe unamjibu vizuri kuliko mteja. Unayemficha ni mnunuzi peke yake. Mwingine atasema watu wakikomenti "bei?" posti inasambaa zaidi. Sawa, inasambaa. Mimi yangu ilisambaa mpaka Mtwara, viatu vikabaki Kihonda.

Ila sababu ya kweli, tuambiane ukweli, ni kwamba tunaogopa mtu ataona 25,000 atasema ghali. Mimi ndiyo ilikuwa inanisumbua hiyo. Nilitaka kwanza nizoeane na mteja, nimchangamkie, halafu bei nimtajie kama naomba msamaha. Hapo ndipo nilipoona kujitamkia utajiri kwenye kioo kazi bure, kama 25,000 ya kiatu kizuri nashindwa kuiandika watu waione.

Nendeni Soko la Chifu Kingalu, au kokote penye mitumba. Yule kijana aliyepanda juu ya meza ananadi nini kutwa nzima? "Buku! Buku! Mbili kwa buku jero!" Hasemi "karibu mpendwa", bei ndiyo tangazo lake. Mama wa nyanya anapanga mafungu, la 500 na la 1,000, na mtu wa mia tano anajua pa kusimama. Sheli nazo bango la bei liko barabarani, unalisoma ukiwa ndani ya gari. Sisi tumenunua simu janja tu, tumeanza kuficha.

Ninavyofanya sasa hivi ni rahisi. Bei naiandika juu ya picha yenyewe, siyo kwenye maelezo, maana watu wakisambaza picha maelezo yanaweza kubaki nyuma. Naandika na saizi zilizopo, na gharama ya bodaboda mpaka Msamvu na mpaka mjini. Nimehamia WhatsApp Business, ni bure, ina katalogi ambayo kila bidhaa unaiwekea picha na bei. Stetasi inapotea baada ya saa 24, katalogi inabaki, kwa hiyo anayeuliza usiku anajihudumia mwenyewe nikiwa nimelala. Na bei ninayoandika nimeshaacha nafasi ya kupunguza 2,000, kwa sababu Mtanzania asipopunguziwa hata kidogo haondoki na furaha.

Maumivu yapo. Mwezi wa kwanza mtu alikomenti, "Kariakoo hivi ni 17,000." Nilitetemeka, halafu nikamjibu kwa hesabu: nauli yako kwenda na kurudi, siku nzima ya kazi, na kikimbana mtoto unakirudisha wapi? Kwangu unabadilisha ndani ya siku tatu. Watu wawili waliosoma majibu yale walikuja kununua. Siku nyingine bei ya jumla ilipanda na picha za zamani nikasahau kuzitoa. Mteja akaja na picha yangu, nikamuuzia kwa bei ile ile, faida ikawa shilingi 500. Nilinuna, lakini kosa langu.

Kwa anayeshona nguo, anayeoka keki au kutengeneza makochi, nakubali huwezi kuandika bei moja. Andika "kuanzia 40,000" na picha ya hiyo ya 40,000. Siyo picha ya keki ya ghorofa tatu!

Januari iliyofuata meseji zilipungua mpaka nikaingiwa na hofu, simu kimya siku nzima. Halafu watu wakaanza kuingia dukani wameshika simu: "Dada, nataka hiki cha 25,000, namba 34." Nilishusha pea 70. Tarehe 20 zilibaki 6, zote namba kubwa. Niseme ukweli, mwaka huo pia nilileta saizi ndogo nyingi zaidi, kwa hiyo siyo bei peke yake. Lakini marejesho nilipeleka mwenyewe, mama hakuuza gunia.

Kama wewe bei inboksi inakulipa, nipinge hapo chini kwenye komenti. Ila uje na hesabu: mwezi huu wangapi wamekuuliza bei, na wangapi wamenunua?