Anayekushauri utangaze kwa barua pepe, yeye anauza nini?

Ukiwa kijana mwenye biashara ndogo hapa Kendu Bay, iwe ni omena, mitumba au kuchapisha fulana, ushauri hautakupungukia. Fungua simu tu. Kuna mtu atakuambia Facebook na TikTok zimejaa kelele, na kwamba pesa siku hizi ziko kwenye majarida ya barua pepe. Lipia tangazo kwenye jarida la fulani, lisomwe na maelfu, kisha ukae ungoje oda.

Sisemi ni uongo. Nasema upime huo ushauri kabla hujatoa hata bob moja, maana biashara ikizama, mshauri hatakurudishia.

Swali la kwanza: huyu anayekushauri anakula wapi? Kuna hesabu utakayokutana nayo kila mahali, kwamba kila dola 1 inayowekwa kwenye barua pepe huleta dola 36. Iliyoisambaza sana ni Litmus, kampuni ya Marekani inayouza programu za kuandaa na kukagua barua pepe za biashara. Haina maana kwamba wamedanganya. Lakini hapo ni kama umemuuliza muuza ngege kama ngege wake ni wa leo au wa jana. Jibu unalijua kabla hajafungua mdomo.

Halafu kuna jambo ambalo wanaorudia hesabu hiyo hawakuambii. Hiyo ni hesabu ya kampuni zinazowaandikia wateja wao wenyewe, watu waliokwisha kununua au waliojiandikisha kwa hiari. Wewe unaambiwa ulipie nafasi kwenye jarida la mtu mwingine, mbele ya wasomaji wasiokujua. Hizo ni biashara mbili tofauti, omera.

Swali la pili: hao "wasomaji" wanahesabiwaje? Mwenye jarida atakuambia ana watu 10,000 na kwamba asilimia 40 hulifungua. Jua kwamba kufungua hupimwa kwa kapicha kadogo kasikoonekana, kanakofichwa ndani ya barua. Simu ikikapakua, unahesabiwa kuwa umesoma. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha hizo yenyewe, hata kama mwenye simu hajaigusa barua. Kwa hiyo mtu anayekuuzia tangazo kwa kukuonyesha idadi ya waliofungua, na hana kingine cha kukuonyesha, anakuuzia moshi. Muulize ni wangapi walibonyeza tangazo la mwisho alilochapisha. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme tangazo ni shilingi 5,000. Kati ya watu 10,000, watu 50 wanabonyeza, na wawili wananunua. Kama faida yako kwa kila mteja ni shilingi 300, umeingiza 600. Umepoteza 4,400. Hesabu hii haihitaji digrii, na nakuambia hivyo nikiwa mtu aliyeacha chuo kabla ya kumaliza.

Swali la tatu: ushauri huu ulizaliwa wapi? Wengi hutajiwa Morning Brew, jarida la habari za biashara lililoanzishwa 2015 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan. Kufikia 2020 lilithaminiwa dola milioni 75. Ni kweli, ila wasomaji wake ni Wamarekani wenye kazi za ofisini, watu ambao asubuhi hufungua barua pepe kama wewe unavyofungua WhatsApp. Sasa mfikirie mteja wako wa Oyugis au Katito. Wengi wetu tulifungua barua pepe ili simu ikubali kufanya kazi, au ili tutume CV. Mteja huyo atakupigia, atakutumia ujumbe WhatsApp, atalipa kwa M-Pesa. Tangazo la barua pepe halitamkuta.

Lakini usiufunge mlango. Kama unatembeza watalii hadi Ziwa Simbi kuona flamingo, mteja wako huenda yuko Uingereza, na anasoma jarida la wapenda ndege kila wiki. Huyo tangazo litamfikia. Au unauza omena iliyopakiwa vizuri kwa watu wa kwetu walio ughaibuni, na wana jarida lao la jumuiya. Hapo ushauri uleule uliokuwa mbaya kwa muuza mitumba unakuwa mzuri kwako. Swali siku zote ni mteja wako yuko wapi na anasoma nini.

Kuna ushauri mmoja ambao hauhitaji hata kupimwa: ule wa kununua orodha ya anwani za watu na kuwarushia matangazo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza kutumia data za mtu kibiashara bila idhini yake, au bila sheria nyingine kukuruhusu, na faini yaweza kufika shilingi milioni 5. Usidhani ni vitisho. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza Casa Vera, baa ya Nairobi, shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Tena Google nao wamekaza kamba tangu Februari 2024. Wanaotuma barua nyingi kwa Gmail wanatakiwa wasifikishe asilimia 0.3 ya malalamiko ya barua taka. Kwenye orodha yako ya watu 10,000, watu 30 tu waliokasirika wanatosha kukufikisha huko. Ukifika, barua zako huanza kutupwa kando, pamoja na zile za wateja wa kweli.

Kama baada ya haya yote bado unaona tangazo linakufaa, jaribu mara moja, kwa pesa ambazo zikipotea bado utanunua stoki wiki ijayo. Omba kulipa kwa idadi ya watakaobonyeza badala ya idadi ya wanaopokea. Weka kwenye tangazo neno maalum ambalo mteja atalitaja ili apunguziwe bei, na usilitumie mahali pengine popote. Kila anayelitaja, mwandike kwenye daftari. Baada ya wiki mbili toa gharama, ona kilichobaki. Kikiwa chini ya sifuri, mwache mshauri aendelee kuwashauri wengine, wewe rudi kwa wateja wanaokupigia simu.